Keki Yenye Shimo Katikati

Jumamosi, 27 Desemba

Mke wangu ametoa agizo. Siku tano zimebaki kabla ya sikukuu ya mwaka mpya, na yeye ana zamu wodini mpaka asubuhi ya siku yenyewe. Kwa hiyo keki ya kupeleka kwa mama mkwe ni juu yangu. Mimi! Karani wa masjala, mtu wa mafaili na mihuri.

Sheria ya mama mkwe inajulikana. Siku hiyo hakiwekwi mezani kwake kitu ambacho aliyekileta hakukitengeneza kwa mikono yake. Sikukuu iliyopita nilinunua keki, nikasema nimeoka. Mama mkwe akainua kipande chake, akabandua karatasi ya duka iliyoganda chini, akaikunja vizuri na kunirudishia. Ukoo mzima ulicheka mpaka machozi. Mke wangu hakucheka.

Leo amesema, bila kupandisha sauti: "Ukiniaibisha tena, mwaka unaofuata nitakwenda kwa mama peke yangu." Kisha akavaa viatu vyake vyeupe akaenda kuhudumia wagonjwa.

Nimeapa. Nitaoka mwenyewe. Sijawahi kuoka hata kiazi.

Na bado kuna mwanyumba, yule aliyemwoa dada wa mke wangu. Seremala. Sikukuu iliyopita alileta nyota kumi na mbili za mbao na keki ndefu kama tofali. Mama mkwe alimwita fundi wa mafundi mbele yangu. Sikulala vizuri wiki nzima.

Jumapili, 28 Desemba

Nimeanza na mapambo ili mkono uzoee. Nilikuwa na rundo la fomu zilizotupwa ofisini. Nikazikata vipande vyembamba, nikavigundisha kwa uji wa unga, pete ndani ya pete, mpaka nikapata mnyororo wa kuzunguka sebule. Mrembo! Nikaupima kwa hatua, nikasimama mlangoni kuutazama, nikarudi, nikasimama tena.

Ndipo nilipoona kwamba kila pete ina muhuri mwekundu: IMEKATALIWA. Pete tisini na nne, zote zimekataliwa.

Nimezibandua na kuzigeuza, wekundu ukaingia ndani. Uji umenigandia mpaka kwenye nyusi. Seremala angeniona angefurahi sana.

Jumatatu, 29 Desemba

Leo ndiyo leo. Nimeomba ruhusa kazini, nikasema nina dharura ya kifamilia. Si uongo.

Unga, mayai, siagi, sukari, hamira: vyote nimepima kwa kikombe kimoja, nikaandika kila kitu kwenye karatasi na kuipiga sahihi. Nikaingiza keki ndani ya oveni saa nne na robo. Maelekezo yanasema usifungue mlango kabla ya dakika arobaini.

Dakika arobaini! Nani anaweza kukaa dakika arobaini bila kujua kinachoendelea? Nilikaa. Nikasimama. Nikazunguka meza. Nikafungua kidogo, kuchungulia tu. Ilikuwa inapanda vizuri. Nikafunga. Nikafungua kuhakikisha kwamba kufungua hakukuiharibu. Kwa jumla nimefungua mara kumi na moja. Mara ya mwisho ilikuwa imebonyea katikati, shimo la kutosha kuweka yai. Nikaongeza moto ili inyanyuke. Haikunyanyuka. Iliungua upande mmoja.

Nimeifunga kwenye taulo na kuificha juu ya kabati, nyuma ya mashuka. Mke wangu aliporudi akauliza harufu hii ni ya nini. Nikasema majirani.

Jumanne, 30 Desemba

Nimefikiri kwa makini. Kosa la sikukuu iliyopita halikuwa kununua. Kosa lilikuwa karatasi.

Nikatoka kazini moja kwa moja hadi kwa mwoka mikate wa mtaa wa pili. Mtu mnene, mpole, mwenye unga hadi masikioni. Nikamwomba keki isiyo na karatasi wala maua. Akanipa kitu laini, cha rangi ya dhahabu, kimenyooka pande zote. Nilipofika nyumbani nikaona tatizo. Ilikuwa nzuri mno. Hakuna mtu katika ukoo huu ambaye angeamini.

Basi nimeiharibu, kwa saa tatu. Nimekata pembe moja. Nimeikwaruza juu kwa uma. Nimebonyeza kidole gumba mara mbili mahali ambapo mtu asiyejua angebonyeza. Jasho lilinitoka. Nilipoigeuza chini nikakuta kovu dogo kama mwezi mwandamo. Bila shaka bati la yule mwoka mikate limebonyea. Ushahidi! Nimelichimba kwa kijiko na kuziba kwa makombo na jamu.

Kisha nimejipaka unga kwenye shati na kuketi jikoni kumsubiri mke wangu. Akaniangalia. Akaona keki. Akatabasamu, na mara ya mwisho kutabasamu namna ile siikumbuki. Moyo umenichoma kidogo. Nimekunywa maji, umetulia.

Jumatano, 31 Desemba

Keki imo ndani ya kopo la bati lenye mfuniko. Nimefungua kopo mara saba kuitazama. Mke wangu alikuwa akibadilisha mashuka kabla ya kwenda zamu, akasema niiache, keki haikimbii. Nikaenda kuutazama mnyororo. Pete tatu zimejigeuza. Nikarudi kwenye keki, lakini mke wangu alikuwa amefunga kopo kwa kamba, fundo la wauguzi, halifunguki.

Siwezi kukaa. Nimepiga viatu rangi, jozi zote, hata za mke wangu ambazo ni za turubai.

Alhamisi, 1 Januari

Naandika kabla ya kuvua viatu.

Tulifika saa saba mchana. Mama mkwe alipokea mnyororo wangu kwa mikono miwili, akautundika dirishani. Jua likapenya kwenye karatasi. Chumba kizima kikasoma IMEKATALIWA, IMEKATALIWA, IMEKATALIWA. Mama mkwe akasema ni pambo la kweli la karani, akaliacha hapohapo.

Seremala akaweka keki yake mezani. Laini, rangi ya dhahabu, imenyooka. Watu wakashusha pumzi. Akasimulia alivyoamka mapema, alivyopiga mayai mwenyewe. Mama mkwe akakata, akainamisha kipande kunipa, nikaona chini yake: kovu dogo, mwezi mwandamo.

Mungu wangu! Nilifungua mdomo. Nikaufunga. Nikisema, wataniuliza nimejuaje. Nikaufungua tena. Shemeji, mke wa seremala, akauliza kama nimepaliwa. Nikasema ndiyo. Sijawahi kuwa na ukweli mzuri namna ile nikashindwa kuutumia.

Ndipo mke wangu alipofungua fundo la kopo. Nikachungulia. Shimo katikati. Upande mmoja mweusi. Keki ya juu ya kabati! Nikamtazama mke wangu, naye alikuwa akitazama kisu.

Mama mkwe akakata kwa nguvu za mikono yote miwili. Akatafuna. Akatafuna tena. Akavuta kikombe cha chai, akachovya, akatafuna. Nikaona mwakani nimebaki peke yangu nyumbani na mafaili yangu.

"Mkwe wangu," akasema, "hii hakuna mtu angekuuzia."

Akachukua kipande cha pili. Wengine wakachukua. Wakacheka, lakini walikula, hata ule upande mweusi. Kipande cha keki ya seremala mama mkwe alikigeuza chini juu, akamuuliza taratibu ameazima bati la nani. Seremala akapaliwa kwelikweli. Na chini ya meza mke wangu akanishika mkono, hakuuachia mpaka chai ilipoisha.

Ijumaa, 2 Januari

Mke wangu amenieleza leo wakati wa kifungua kinywa. Alipokuwa akichukua mashuka aliikuta ile ya taulo. Akazilinganisha. Ile mbaya akajua ndiyo yangu. Ile nzuri iliyojeruhiwa akawapelekea wenzake wodini, wakaimaliza kabla ya kuuliza ilipatwa na nini.

Nilisubiri anigombeze. Badala yake alisema hajawahi kujivunia kitu kigumu kiasi kile. Akasema: "Mwakani oka vilevile." Nilitaka kulia. Nimefurahi kuliko siku niliyopewa meza yenye droo.

Lakini vilevile! Hapo ndipo roho ilipoanza kupaa. Nani anaweza kuahidi vilevile? Nikiikosea zaidi, haitalika. Nikiipatia, watasema nimenunua. Nimezunguka meza mpaka saa sita, kisha jibu likanijia, rahisi kabisa. Sijui kwa nini sikulifikiria mapema.

Nimekwenda kwa mwoka mikate kuagiza ya mwakani. Shimo katikati la kutosha kuweka yai, upande mmoja uungue, ngumu lakini ikubali chai. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema ameoka kwa miaka ishirini, keki ya namna hiyo haiwezi, hajui hata pa kuanzia. Akaniomba nije nimwonyeshe.

Tumekubaliana. Jumatatu baada ya kazi nitapima unga na kupiga mayai mbele yake, nitaoka keki nzima mwenyewe, na mlango wa oveni nitaufungua mara kumi na moja. Ikitoka sawasawa, nitainunua kwake. Mke wangu asijue.