Siku Nilizomsusia Mama Yeshi

Jumatatu, 2 Hidar

Nimedhulumiwa. Mchana kweupe, mbele ya watu wanaotafuna.

Miaka tisa nakula kwa Mama Yeshi. Miaka tisa! Meza ileile ya dirishani, kiti kilekile, mpaka kimeshika umbo langu. Leo naingia, nakuta ubao mpya ukutani, rangi haijakauka, na mstari wa kwanza umeandikwa SHIRO YA KEBRET.

Kebret! Mwalimu wa udereva aliyehamia Debre Birhan juzijuzi, hata miezi minne hajatimiza. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu kapewa ubao. Na alikuwepo, amesimama chini ya jina lake, anachokoa meno kama mwenye nyumba.

Nikamuuliza Mama Yeshi, kwa upole kabisa, hii ni haki gani. Akaniambia, kwa lile jina la heshima la wazee, Gashe Asrat, Kebret ndiye aliyependekeza vitunguu saumu viwe maradufu, na wateja wamependa. Vitunguu saumu! Mtu anakuwa shujaa kwa vitunguu saumu? Mimi nimekula shiro ile, mchuzi wa unga wa dengu tu, tangu haina chumvi ya kutosha, nikanyamaza. Kunyamaza si mchango?

Nikatangaza kwamba nasusa. Hakuna aliyesikia, kahawa ilikuwa inatwangwa. Ikabidi nirudi toka mlangoni nitangaze tena. Kebret akajibu bila kugeuka: "Ukisusa, wenzio twala." Watu wakacheka. Nami nilikuwa bado sijala.

Jumanne, 3 Hidar

Mpango ni huu. Nitakula kila mahali isipokuwa kwa Mama Yeshi, na nitahakikisha ananiona. Atajuta, atafuta jina la Kebret, ataandika langu. Ila lazima awahi. Tarehe kumi na tano mfungo unaanza, siku arobaini na tatu hakuna nyama wala siagi, mji mzima utakula shiro. Yaani mji mzima utakula Kebret. Sitakubali.

Nimeanza na kibanda cha maharage, kile kinachotazamana na mlango wake. Unakula kwa kusimama, kiwiko juu ya bati. Nikajiweka upande wa barabara, nikatafuna kwa furaha nyingi iwezekanavyo. Muuza maharage akaniuliza kwani Mama Yeshi kafiwa.

Halafu janga. Jirani yangu pale kwenye bati, fundi bomba nisiyemjua hata jina, kaniona nala peke yangu akaona huruma. Akafinyanga tonge kubwa kama ngumi, akanilisha. Kulishwa tonge hakukataliwi, nikapanua kinywa. Ndani kulikuwa na pilipili mbichi nzima! Akaongeza la pili, maana kwetu ukimlisha mtu tonge moja tu umemtakia ugomvi. Akaongeza la tatu. Machozi yakanitoka mpaka kwenye kola.

Ndipo Mama Yeshi akapita na kikapu.

Jioni Wubishet kaniletea habari. Wubishet ndiye mwandika barua anayeketi nami nje ya manispaa, yeye anaandika maombi ya watu, mimi nachonga mihuri. Anasema Mama Yeshi amewaambia wateja kwamba kamwona Gashe Asrat barabarani, maskini, analia kwa kukikumbuka chakula chake. Nikamuuliza Wubishet ameyasikia wapi hayo. Akatazama viatu vyake. Ananuka vitunguu saumu.

Alhamisi, 5 Hidar

Jana, Jumatano, siku ya kufunga, nimekula kabichi nyumbani, nimeipika mwenyewe. Sitaki kuizungumzia.

Leo nimekwenda kwenye bucha la kula hapohapo, lile lenye ng'ombe mwekundu mlangoni. Nyama mbichi, kisu, pilipili ya unga. Chakula cha wanaume. Nikamwita mwenye bucha, nikamweleza kwamba biashara zenye akili huvipa vyakula majina ya wateja wenye heshima, na kwamba mimi niko tayari. Akapangusa kisu. Akasema, mzee wangu, nyama hii tayari ina jina, inaitwa ng'ombe.

Kefule! Jeuri ya watu wenye visu.

Nilikula vibaya. Meza ilikuwa ya watu kumi na hakuna hata mmoja aliyeniuliza kwa nini naacha mafuta. Mama Yeshi angeuliza. Tangu marehemu mke wangu Wosene aniache, hakuna mwingine mji huu anayegundua nimeacha nini kwenye sahani. Naandika hili ili lijulikane, si kwamba nalalamika.

Ijumaa, 6 Hidar

Akili imenijia nikichonga muhuri wa chama cha wafuga kondoo.

Hoteli mpya! Ile ya ghorofa sita, yenye vitambaa vya meza vinavyofika sakafuni. Nimekwenda kwa meneja. Nimemwahidi muhuri wa bure, mpini wa mti wa mzeituni, na yeye ataandika kwenye kadi ya vyakula, kwa siku moja tu, KUKU WA ASRAT. Amekubali! Kwa herufi za dhahabu! Kisha nikamtuma Wubishet kwa Mama Yeshi: Gashe anakualika kesho hotelini, kuna jambo la kuona. Ataketi, ataona, ataumia, ataelewa. Mpango hauna tundu.

Mama Yeshi amekubali. Kumbe tangu ifunguliwe hajawahi kuingia mle, ana hamu ya kuona jiko. Meza imeandikwa kwenye daftari lao: saa 7:00.

Jumamosi, 7 Hidar

Naandika kwa hasira, mwandiko usamehewe.

Saa saba kamili za mchana tumefika. Mimi na koti la harusi yangu, Mama Yeshi na shela yake nyeupe ya kanisani. Siku ya soko! Ameacha mkahawa siku ya soko kwa ajili yangu! Kijana wa mlangoni akafungua daftari akasema, mzee, mmewahi mno, hii ni saa saba ya wazungu. Ya jioni.

Nikamwambia jioni hakuna saa saba. Jioni kuna saa moja! Jua likichomoza unaanza kuhesabu, mtoto mdogo anajua. Akasema hoteli inafuata saa ya kimataifa. Basi jua la hoteli ile linachomoza usiku wa manane, mimi nifanyeje? Meneja hayupo mpaka jioni. Kadi za dhahabu zimefungiwa ofisini mwake. Kuku, hakuna. Jina langu, hakuna.

Wakatuonea huruma wakatuketisha pembeni. Ikaja sahani pana kama ungo, katikati yake majani matatu, na mchuzi umedondoshwa nukta nukta. Mama Yeshi akauliza kwa dhati kama mpishi anaumwa mkono. Akaomba injera, mkate wetu mwembamba wa kumegea. Ikaja injera imekunjwa, imekatwa vipande vidogo kama vizibo vya soda, juu ya kila kimoja punje ya dengu. Na uma.

Nikaona jahazi linazama. Nikasema moyoni, Asrat, mlishe tonge, heshima ya tonge itafunika yote. Nikachoma kizibo kimoja kwa uma, nikamlisha. Akapokea vizuri. Akatafuna. Akabaki kinywa wazi anangoja la pili.

Sahani ilikuwa tupu. Vilikuwa viwili tu, cha kwanza nilikuwa nimekila mimi wakati nafikiri.

Tonge moja! Kwa uma! Mbele ya wahudumu sita wenye glavu! Mama Yeshi alifunga kinywa polepole, akapanga shela, akasema amekumbuka ameacha sufuria motoni. Nikamkimbilia mpaka mkahawani kwake, na nani yuko mlangoni anapokea wateja, amefunga aproni ya MAMA YESHI yenye maua? Kebret. Akaniuliza kama natafuta nafasi ya kuegesha.

Jumatatu, 9 Hidar

Mji wote unajua. Muuza mkaa kanisalimia kwa kuinua kidole kimoja. Mteja aliyekuja kuchukua muhuri kaniuliza kama ni lazima apige mara moja tu. Hata padri, nilipobusu msalaba, alikuwa anabana kicheko, nimemwona!

Na la kuumiza zaidi kaleta Wubishet. Jumamosi jioni, saa yao ile ya uongo, kadi za dhahabu zilitoka. Watalii wanne wamekula Kuku wa Asrat. Wakauliza Asrat ni nini. Wakaambiwa ni aina ya kiungo.

Jumatano, 11 Hidar

Kabichi tena. Imeungua. Nimeila yote na hakuna aliyeuliza kitu.

Alhamisi, 12 Hidar, sikukuu ya Mikaeli

Sikurudi. Iandikwe vizuri: sikurudi. Nilikuwa natoka kanisani, mvua ikaanza, mlango uliokuwa karibu ukawa wa Mama Yeshi. Matone mawili matatu ni mvua.

Meza yangu ilikuwa wazi. Sikukuu, watu wamejazana mpaka kwenye magunia ya unga, na meza ya dirishani ipo wazi! Nikamuuliza yule binti anayepeleka vyakula kwa nini. Akasema Mama amekataza mtu kukaa pale tangu Jumatatu ya juma lililopita. Kebret alijaribu, akaondolewa pamoja na kikombe chake.

Nikaketi, nikapangusa macho. Ni moshi wa ubani.

Mama Yeshi akaja na sinia ya mchuzi wa kuku. Akafinyanga tonge, akanilisha. La pili. La tatu. Ukumbi mzima unahesabu kwa sauti! Akasema, hivi ndivyo inavyofanywa, Gashe, na inafanywa kwa mkono. Wakapiga vigelegele. Kebret naye alipiga, mnafiki.

Nikiwa na mashavu yamejaa nikaona ni wakati mzuri wa kudai. Nikaelekeza kidole ubaoni. Mama Yeshi akacheka mpaka akashika meza. Akasema, haya, utapata jina lako, nimeshajua nilitie wapi.

Jumatatu, 16 Hidar

USHINDI!

Siku ya pili ya mfungo, na ubao umeandikwa upya. Mstari wa mwisho kabisa, chini ya chai, lakini upo: ASRAT, NUSU SAHANI. Ni firfir. Nilimuuliza Mama Yeshi kwa nini firfir, akasema firfir ni injera ya jana, imekauka, imejikunja pembeni, halafu unairudisha mezani unailowesha mchuzi inakuwa tamu. Na kwa nini nusu? Akasema, kwa kumbukumbu ya hoteli.

Heshima iliyoje. Chakula na historia yake!

Nimekaa tangu adhuhuri mpaka wanafunga, nikihesabu. Kebret, kumi na mmoja. Asrat, kumi na tisa! Wubishet anasema ni kwa sababu Asrat ni rahisi na hutoka haraka. Wivu. Kila saa binti anapaza sauti jikoni, "Asrat mmoja! Asrat wawili!" na mimi naitika kila mara, mpaka nimeombwa niache.

Kulikuwa na doa moja. Mzee mmoja muuza nafaka karudisha sahani, kasema kwa sauti, Asrat wa leo kachacha. Nilisimama. Nikamtaka athibitishe. Mama Yeshi akaonja, akasema kweli, kachacha kidogo, lakini ndivyo alivyo siku zote, na sisi tumemzoea.

Tumemzoea! Hivyo ndivyo anavyonitetea? Na hiyo nusu sahani, nikifikiri vizuri, ni dharau. Kebret ana sahani nzima, Asrat ana nusu? Thubutu! Nimekwisha kupata dawa. Kesho nasusa tena, na safari hii sirudi mpaka iwe sahani nzima.

Nimemwambia binti meza yangu ibaki wazi.