Haki Yangu ya Kuumia Kabla ya Jumamosi

Zinga, Bagamoyo
Jumatatu

Kwa Bwana Mahmoud,
Mmiliki wa Jimu ya Nguvu Tele.

Asalaam aleikum. Natumaini barua hii inakukuta huko Dar ukiwa mzima. Sisi huku ni wazima mno, na hilo ndilo lalamiko langu.

Mimi ni Hija Pazi, mwenye duka la vifaa vya ujenzi mkabala na jimu yako. Jumamosi hii mpwa wangu Nadhira, binti wa dada yangu Mwanajuma, anatolewa ndani. Kwetu mwali hatoki kwa miguu yake. Mjomba mkubwa humbeba mabegani kutoka mlangoni mpaka uwanja wa ngoma, tena akicheza. Mjomba mkubwa ni mimi. Nilimwahidi tangu alipokuwa mtoto wa kubebwa kwa mkono mmoja. Sasa amemaliza kidato cha nne, amekaa ndani analishwa vizuri, na habari zinazonifikia ni kwamba amenawiri kupita matarajio yangu. Nikishindwa, atabebwa na mdogo wangu Ishaka wa Mlingotini, nami nitabaki nyuma nikiwashikia akina mama mikoba.

Ndiyo maana wiki iliyopita nilijiunga na jimu yako, nikitaka miguu mipya upesi. Badala yake nikakabidhiwa kwa kocha wako, Shamsia. Malalamiko yangu ni haya:

1. Siku ya kwanza alinipa mpini wa fagio. Mimi, niliyepakia matenga ya mananasi Kiwangwa enzi za ujana wangu, niliwekewa mpini wa fagio mabegani mbele ya vijana wa bodaboda, nikaambiwa nichuchumae taratibu na kuinuka taratibu. Vyuma vya maana vilikuwa pale pale, vimelala, vinanitazama.

2. Kabla ya huo mpini kulikuwa na kupasha misuli moto, na baada yake kulikuwa na maji. Kila nikianza kutoka jasho la heshima, naletewa kikombe. Ningetaka kunywa maji ningebaki dukani.

3. Kesho yake alinirudisha nyumbani nikapumzike, eti misuli hujengeka mtu akiwa amelala. Kama ni kweli, basi shemeji yangu angekuwa anainua nyumba kwa kidole.

4. Hili naliandika kwa haya. Binti huyu aliniamkia vizuri, shikamoo mjomba, nikaitikia marahaba, kisha bila hata kushusha macho akaniuliza haja ndogo yangu ya leo ina rangi gani! Anadai kwamba mtu asiyezoea akijitutumua kupita kiasi, misuli humeguka ikaingia kwenye damu, figo zikazidiwa, na mkojo ukawa rangi ya kahawa. Mke wangu Shufaa, niliyeishi naye miaka yote hii, hajawahi kuniuliza swali hilo. Mimi nilidhani nimelipia vyuma, kumbe nimelipia kuaibishwa.

5. Tangu aje, hakuna anayeumia. Bi Sada mkandaji anakaa barazani na chupa yake ya mafuta ya nazi, hana wa kumkanda. Vijana wanatoka mazoezini wanatembea wima kama walivyoingia. Zamani mwanamume akitoka kunyanyua vyuma alishindwa kuvua shati, na mtaa mzima ukajua kwamba amefanya kazi. Leo mke atajuaje mumewe alikuwa wapi? Huyu binti anavunja ndoa, Bwana Mahmoud, na serikali imenyamaza.

Kwa hiyo naomba Shamsia apewe likizo mpaka Jumapili, mpini urudishwe kwenye fagio lake, na itengwe kona ambapo mtu mzima mwenye akili timamu anaweza kujiharibu bila kuingiliwa. Ukikataa, sina shida. Dukani nina mifuko ya saruji, nyuma nina uwanja, na jua la Zinga halimuulizi mtu rangi ya chochote.

Nisalimie mkeo Jasmin, watoto, na wote wanaonifahamu huko. Mwanajuma anakukaribisha Jumamosi uje ushuhudie mwali akicheza juu ya mabega yangu.

Ni mimi, mwenye miguu mizima kwa makosa ya kocha wako,
Hija Pazi

Nyongeza, Alhamisi. Sikungoja hata kuituma barua. Jumanne mchana nilijitwisha saruji, sikupasha misuli, sikunywa maji, nikachuchumaa mpaka miguu ikagoma. Jana nilikwama chooni. Shufaa aliponiinua akaona nilichokojoa, hakumwita Bi Sada, alimkimbilia Shamsia, naye akasema hospitali, sasa hivi. Daktari ameniuliza lile lile swali, tena yeye hata shikamoo hakunipa. Anasema nimewahi, figo zitapona kwa dripu na subira. Mwambie Shamsia kwamba jibu lilikuwa kahawa, na leo ni chai.

Nadhira atabebwa na Ishaka. Nimelia, sikufichi. Naomba Shamsia asiende likizo yoyote. Kesho asubuhi namtuma Ishaka kwake. Anajiona ana nguvu, na amekuja na dharau zile zile nilizokuja nazo mimi. Tafadhali aanze naye na ule mpini wa fagio, amfundishe kuinuka kwa miguu bila kuukunja mgongo, na amnyweshe maji hata akinuna. Mtoto wetu asianguke.