Mbega wa 1969

Jumatatu, 6 Oktoba 2025
Kosa la watu wengi ni kudhani kwamba kazi ya jarida la zamani ni kufungia karanga. Langu ni la jiografia na maumbile, toleo la 1969, mbega wa Diani kwenye jalada. Nimelitunza tangu nianze ualimu. Gilbert wa mapokezi hotelini asema yupo mgeni Mjerumani anayelitafuta toleo hilo hilo. Atalitazama Alhamisi. Nimemwahidi mke wangu, Bimkubwa, mabati ya paa la jiko kabla ya mvua za vuli. Amenikumbusha kuwa ahadi hii imeshanyeshewa na vuli tatu.

Habari mbaya: Sharif, aliyefundisha Historia darasa la jirani, naye analo. Habari njema: la kwake limekaa miaka yote ndani ya mfuko wa unga. Maskini!

Jumanne, 7 Oktoba
Nimelisoma upya. Ukurasa wa 41: eti kisiwa cha Chale kiko kaskazini ya Diani. Kaskazini! Nimesahihisha kwa kalamu nyekundu, nikatia sahihi na tarehe. Makosa mengine sita, vivyo hivyo.

Jumatano, 8 Oktoba
Jalada linachakaa. Dawa yake kila mwalimu aijua: karatasi ya kaki na gundi. Mbega haonekani tena, lakini yuko salama. Juu nimeandika jina langu na somo. Sharif alipita, akauliza kama mgeni naye atafanya mtihani. Wivu.

Alhamisi, 9 Oktoba
Mgeni alifungua. Kimya. Nikadhani ni heshima, nikamweleza masahihisho yote saba. Gilbert akaninong'oneza, "Mwalimu, huyu anataka gazeti vile lilitoka kiwandani."

Sharif, aliyekuja na lake, akalikung'uta unga. Mjerumani akalipokea kwa mikono miwili, kama mtoto mchanga. Akalilipia papo hapo.

Ijumaa, 10 Oktoba
Mabati ya Sharif yamepita mlangoni kwangu kwa mkokoteni. Yalipiga kelele makusudi. Baada ya swala mvua ikashuka. Bimkubwa alitega sufuria mbili jikoni, akasema, "Baba Esha, mvua haisomi masahihisho."

Nikamweleza asili ya mvua za vuli. Akatega ya tatu.

Jumamosi, 11 Oktoba
Gilbert asema Mjerumani atarudi Desemba. Sasa anatafuta toleo la 1972, lenye kasa. Ninalo! Safi, halijaguswa na mtu. Nimemwahidi Bimkubwa mabati. Ila ukurasa wa tisa kasa ameitwa samaki, na mgeni hauziwi kosa.

Leo: nunua kalamu nyekundu.