Kwapa la Nicanor na Kichupa cha Mama Perez

Njooni, enyi watu wa Thika, nanyi wa Ruiru sogeeni. Acheni uji upoe na mbuzi wajichunge, mpate kusikia habari za Nicanor Wamalwa, simba wa kiwanda cha ngozi, mshindi wa kila ubishi alioutia chumvi mwenyewe, ambaye aliondoka kwenda vitani kupigana na kifuniko.

Kifuniko chenyewe hakikuzidi ukucha wa kidole gumba. Kiliziba kichupa cha kioo cha Kichina, ambacho baba mkwe wake, marehemu, alirudi nacho kutoka vita vya Burma, na mjane wake, Mama Perez, alikitilia ugoro tangu hapo. Sasa Wachina, kwa uhaba wao wa busara, walikitengenezea tumbaku kavu. Hawakuuwazia ugoro wa Bungoma wenye magadi na samli. Samli ikaganda shingoni, kifuniko kikashikwa.

Mama Perez alikuwa amekuja Kiganjo, hapo Thika, kumtazama binti yake, Nafuna, mke wa shujaa wetu. Chumba kilikuwa kimoja, na desturi ya kwao hairuhusu mkwe na mama mkwe hata kutazamana, basi shujaa alihamia kwa rafiki yake Tobias, mkoromaji mashuhuri. Mama alipozidiwa na hamu ya ugoro alitamka, ukuta wa mabati ukimtenga na mkwewe, kwamba mwanamume asiyeweza kufungua kichupa hawezi kushika nyumba, na Jumatatu angepanda treni pamoja na binti yake.

Shujaa akaagiza kichupa kiletwe nje mara moja. Maana alimpenda Nafuna kuliko hata sauti yake mwenyewe, na hilo si pendo dogo.

Alishambulia kwa meno; jino likalegea, kifuniko kikakataa. Tobias akaja na koleo, Nafuna akampokonya. Ndipo Nicanor akapanda farasi wake, yaani baiskeli isiyo na breki, akashuka nayo hadi Ruiru kwa Rama, fundi saa.

Rama akabana lenzi jichoni, akakigeuza kichupa polepole. Kilikuwa cheupe cha maziwa, na samaki wekundu wameinuka juu yake. Nicanor, ambaye hakuna asichokijua, akamweleza kuwa hiyo ni rangi tu, imepakwa.

"Hapa hakuna rangi, bwana," Rama akasema. "Ni kioo chekundu juu ya kioo cheupe. Fundi amekila chekundu chote kwa gurudumu na mchanga wenye maji, akabakiza samaki. Hebu gusa, hata magamba wanayo. Mtu alizeekea hapa. Ukikitia moto kitapasuka, ukikigonga kitapasuka. Hiyo samli inataka joto la mtu."

Na joto la mtu, jamani, Nicanor alikuwa nalo. Jumapili aliketi juu ya debe nyuma ya nyumba, kichupa kwapani, tangu kengele ya kanisa hadi vivuli vikarefuka. Majirani walimpa mkono, hakuupokea. Nzi walitua puani, akawavumilia kiume. Ndani, Mama Perez alimwuliza Nafuna kama yule mtu bado ameketi au ameshakufa.

Jua lilipoinama, akakishika kifuniko kwa vidole viwili, akakizungusha taratibu kama anayemgeuza mtoto aliyelala. Kikatoka, na kijiko chake cha mfupa kikining'inia. Ugoro ukampanda, akapiga chafya iliyowatawanya kuku wa Kiganjo hadi karibu na Gatuanyaga.

Nafuna akakipokea huku analia na kucheka, akakiingiza ndani. Kisha ikasikika chafya ya pili, kubwa kuliko ile ya kwanza.

"Nafuna," Mama Perez akasema, kwa sauti ya kusikika hadi nje, "mwambie mume wako sikuchukui. Na mimi siendi. Kule Bungoma nani atanifungulia?"

Kisha akakirudisha kifuniko, akakipiga kwa kiganja kikakaza.

Basi andikeni, enyi waandishi wa tarehe, kwamba siku hiyo samli ilishindwa na ndoa ikaokoka. Naye mshindi akalikunja blanketi lake, akalitia katika kwapa lile lile tukufu, akarudi kulala kwa Tobias, na mibuni ya Ruiru ilichanua na kuchumwa yeye angali huko.