Ng'ombe Wangu Mia Mbili na Alama Zao

Jumatatu, 6 Machi 1989
Ushirika wa maziwa, Gatitu. Daktari wa mifugo anataka orodha ya ng'ombe wote kwenye kompyuta kabla ya chanjo ya Ijumaa. Meneja Peterson ametugawia: nusu mimi, nusu karani mwenzangu Gakii. Atakayefanya vizuri ndiye mkuu wa chumba cha kompyuta. Yaani mimi.

Niliingiza tisini bila kupumua. Wa tisini na moja, fahali wa Mzee Theuri, nikamwandika ana mimba ya miezi saba. Nikaamuru kosa lifutwe. Wakafutika wote.

Jumanne, 7 Machi
Gakii hakunicheka. Iliniuma zaidi. Akanieleza kwamba ukiweka alama katikati ya kazi, ukikosea unarudi hapo tu, ya nyuma yanabaki. Anaiita sevupointi. Nikasema najua. Sikujua. Akaanza habari ya amri ya mwisho, ile ya kuhifadhi. Nilikuwa nimeshaenda chai.

Jumatano, 8 Machi
Nimeweka alama kwa kila ng'ombe. Fahali akapata mimba tena. Nikarudi alama moja nyuma, mimba ikatoweka, wenzake wote wapo. Nilimwita Peterson aone. Nikampa fahali mimba mara tatu zaidi, kila mara nikiiondoa. Peterson alivutiwa, nadhani. Gakii akaniuliza, "Bwana Philemon, umehifadhi lakini?" Nikamjibu kwamba mwenye alama mia mbili hana haja.

Alhamisi, 9 Machi
Stima ilipotea saa nane mchana. Iliporudi, sikuwa na ng'ombe hata mmoja. Wa Gakii wote wapo. Yeye huhifadhi kila baada ya ishirini. Ati alama huishi ndani ya kazi ambayo haijahifadhiwa, na kazi ikikatika zinapotea nayo. Angesema mapema.

Ijumaa, 10 Machi
Wafugaji wa Gakii waliitwa kwa majina, wakapanga mstari. Wangu nilizunguka kuwaita kwa baiskeli, tangu alfajiri, kwa kukumbuka sura. Nilileta ng'ombe kumi na wanne, na punda mmoja. Daktari alimchunguza punda kwa muda mrefu.

Gakii ndiye mkuu. Kwa huruma amenipa orodha ya mbuzi. Peterson aliuliza nimejifunza nini. Nilikiri kosa langu bila kujitetea: alama zilikuwa chache. Kila mbuzi nitamwekea mbili.