Kamati Kuu ya Kumfikisha Flaviana Brussels

Wananchi wote wazungumzao Kiswahili katika jiji la Stockholm na viunga vyake, kuanzia Husby mpaka Fittja, pamoja na wale wa Södertälje wasiohudhuria mikutano lakini hawakosi pilau, mnatangaziwa kwamba Safari Kuu ya Reli ya Miji Mingi ya Ulaya imekamilika kwa mafanikio makubwa. Mwenyekiti wa Kamati, ambaye ni mimi, hakusafiri. Naomba nieleze kwa utaratibu, maana mitaani yanasemwa mengine.

Jambo lilianza kwa Flaviana. Flaviana ni mama wa Uvira, mpole, anahudumia wazee wa Kiswidi majumbani kwao. Dada yake mkubwa, Emérithe, anakaa Brussels. Vita viliwatawanya, mmoja akaangukia huku na mwingine kule, na toka hapo wanaonana kwenye simu tu. Sasa Emérithe alikuwa anahamia Kanada kwa mwanawe, anaondoka Jumamosi. Na Flaviana ana ugonjwa wa masikio, daktari amemkataza ndege. Akaja kuniuliza swali moja.

"Papa Anthony, weye umetembea sana. Treni ya kwenda Brussels napandia wapi?"

Mtu wa kawaida angemjibu. Lakini mimi nimeishi Kigoma, Bujumbura, Mombasa na Malmö. Darasa la kwanza nilianzia nchi moja nikamalizia nyingine, na la tano nililipita nje kwa nje. Mtu mwenye uzoefu kama huo hajibu swali. Anaunda kamati.

Tukakutana Fittja. Katibu alikuwa Édouard wa Bukavu, ambaye bila ajenda hawezi hata kunywa maji. Kamati Ndogo ya Tiketi alipewa Mwatumu wa Mombasa, dereva wa basi, kwa sababu alichelewa kufika na vyeo vingine vilikuwa vimekwisha.

"Hoja ya kwanza," nikasema, "ni njia."

"Njia si hii hapa?" Mwatumu akainua simu. "Kopenhagen, Hamburg, Köln, Brussels. Kwisha."

"Simu haina ndugu," nikamwambia.

Hapo ndipo utaalamu wa Kamati ulipodhihirika. Msomaji unajua mwenyewe: hupiti mlangoni kwa mtu wako usiingie. Ukionekana tu kwenye dirisha la treni, habari zitafika Bukavu kabla yako kwamba siku hizi unajisikia. Édouard akatoa taarifa kuwa ana shemeji Berlin, na ni mwepesi wa kununa. Mimi nina mtu Prague tuliyekula naye chungu kimoja Bujumbura. Kumruka ni uadui. Huyo wa Prague ana dada Vienna. Na ukishafika Vienna, Geneva ni hapo tu, kwa mujibu wa ramani ya Édouard, ambayo ilikuwa ndogo. Tukapitisha kwa kauli moja Azimio la Fittja: hakuna mji utakaorukwa ikiwa una ndugu, shemeji, au mtu yeyote anayedai kuwa ndugu.

"Na kwa shemeji hatunywi chai tukaondoka," Édouard akaongeza. "Président, yule atapika. Lazima tulale."

"Tulale," nikaridhia.

Flaviana akanyoosha kidole. "Samahani, ba papa. Dada yangu anaondoka Jumamosi."

"Mama, hiyo iko kwenye Mengineyo."

Mengineyo yakaahirishwa kwa sababu mandazi yalikuwa yamefika.

Kikao cha pili kilijadili itifaki ya viti. Ikaamuliwa Mwenyekiti akae akitazama mbele, kwani kiongozi akitazama nyuma msafara mzima unakosa dira. Treni ikigeuza mwelekeo, Kamati itahama kwa pamoja. Wakati wa mjadala huu Flaviana alikuwa analia. Katibu aliandika: wajumbe waliguswa.

"Hebu nyinyi wazee!" Mwatumu akapandisha sauti. "Kwa njia yenu hiyo, mkifika Brussels Emérithe ashazoea theluji ya Kanada. Huyu mama ana dada mmoja tu duniani!"

"Mwatumu, usilete hisia kwenye mipango."

"Haya. Tiketi anakata nani?"

"Si wewe, Kamati Ndogo?"

"Basi nimesikia."

Sikuuliza amesikia nini. Kiongozi hajiingizi kwenye vitu vidogo vidogo.

Siku ikafika, tukakusanyika stesheni kuu. Flaviana na Mwatumu wakapanda mapema na mabegi yao, jambo nililoliona kuwa ni pupa. Msafara hauondoki bila hotuba ya kuagwa. Tatizo lilikuwa nani atauaga, kwa vile watu wote wa maana walikuwa ndani ya msafara. Kamati ilinipa mimi jukumu hilo, nijiage. Nikasimama, mgongo kwa treni, uso kwa hadhira, yaani Édouard.

"Mheshimiwa Katibu, mabibi na mabwana..."

Mwatumu akachomoza kichwa mlangoni. "Mzee Anthony, panda! Wanafunga!"

"Usikatize hotuba."

"Baba yangu, hawa si watu wa kungoja!"

"Itifaki imezingatiwa," nikaendelea. "Reli, ndugu zangu, ni uti wa mgongo..."

Mhudumu wa treni akapuliza filimbi. Nikampungia mkono kumshukuru. Mzungumzaji akikolea, filimbi ni haki yake. Nikahisi kaupepo kisogoni. Nilipomaliza "kwa hayo machache" nikageuka nipande. Palikuwa na reli mbili, safi kabisa.

Treni za nchi hii zina tabia ya kuondoka. Si zote, wala si kila siku, lakini ile ilikuwa nayo.

"Katibu, mbona hukuniambia?"

"Président, haikuwa kwenye ajenda."

Tukafanya kikao cha dharura kwenye benchi na kuazimia kwamba Kamati haikuachwa. Msafara ndio uliotangulia. Nikamwagiza Mwatumu kwa simu watungoje Kopenhagen. Akajibu wakiwa Hamburg: "Shemeji wa Berlin tumemsalimia kwa simu. Kafurahi sana. Kasema ana zamu wiki nzima, afadhali hatukwenda. Yule wa Prague naye anauliza, Anthony yupi?"

Ijumaa jioni Flaviana akapiga simu ya video. Nikavaa tai. Walikuwa wamekaa kitandani katikati ya masanduku, yeye na Emérithe, wameshikana mikono kama watoto wanaovuka barabara.

"Kwa niaba ya Kamati..." nikaanza.

"Huyu papa ni nani?" Emérithe akauliza.

"Huyu njo mwenyekiti wa safari."

"Safari gani?"

"Hii ya kuja kukuona."

"Sasa mbona yeye hakuja?"

Flaviana akafikiri kidogo. Ni mama mpole, hapendi kumsema mtu.

"Dada, angekuja, miye singefika."

Wakacheka mpaka wakaegemeana, simu ikawaponyoka, nikabaki natazama dari. Hotuba nilikuwa nimeshaiandaa, kwa hiyo nikaisomea dari, yote, na hakuna aliyenikatiza.