Kisima cha Mungaa na Vijana Niliowateua Mwenyewe

Jumatatu, 7 Julai 2025
Shirika moja la misaada limekubali kutuchimbia kisima hapa Mungaa. Sharti: nusu ya kamati ya maji iwe vijana, wenye kura sawa na sisi wazee. Kura sawa! Watoto niliowaona wakitambaa! Mimi Bonifasi, mwenyekiti miaka kumi na mmoja, nimecheka hadi mke wangu Raheli akatoka jikoni. Nikamwambia kisima kitakaa nyuma ya nyumba yetu. Akaguna. Hana maono.

Jumanne, 8 Julai
Nimeteua vijana wanne. Uchaguzi ni kupoteza muda. Wa kwanza Yustina, fundi cherehani, miaka kumi na tisa. Akiniamkia shikamoo anaangalia chini. Kijana bora kabisa.

Alhamisi, 10 Julai
Kikao nimekiweka asubuhi, siku ya mnada, ili vijana wasije. Wamekuja wote wanne! Walioenda mnadani ni wazee wenzangu. Wapuuzi.
Nikawaambia vijana kazi yao ni kuchemsha chai, mahali pa kisima nimeshapajua: kwangu. Yustina akauliza, kwa heshima zote, kura itapigwa lini. Nikamwambia kwanza akue. Kisha nikampa kazi ya kumnyamazisha: aandike muhtasari. Akainama, akaandika. Kimya. Safi!

Jumamosi, 12 Julai
Aibu! Bi Catherine wa shirika amekuja, akaomba muhtasari usomwe. Yustina akasimama, akaniomba ruhusa. Nikampa! Akasoma: “Mwenyekiti alisema kazi ya vijana ni kuchemsha chai. Mwenyekiti alisema kisima kitakuwa kwake.” Neno kwa neno. Hata nilipopiga chafya ameandika.
Wazee wakaangua kicheko. Festo, jirani yangu, akauliza mkewe atabisha hodi kwangu saa ngapi akitaka kufua. Msaliti.
Kura ikapigwa. Kisima kinakwenda karibu na zahanati. Saba kwa mmoja. Vikao sasa ni jioni, kila mtu akishatoka kazini, na uenyekiti nitagawana na Yustina. Raheli aliposikia akapiga vigelegele. Mke wangu wa ndoa!

Jumatatu, 14 Julai
Jana ibada nzima nimetafakari. Kosa langu nimeliona: nilichagua kijana anayejua kuandika.
Unakuja mradi wa mizinga ya nyuki. Huo unataka nusu ya kamati iwe wanawake. Nimeshamwandikisha mama mkwe wangu. Ana miaka themanini na mbili, hasikii vizuri, na husinzia hata akiwa anakula.